Yadi za magari mjini, mnatuzibia taa za dashibodi halafu mnatuuzia gari za kuulia watu!

Assalaam alaykum wanajamvi.

Salamu fupi, nisameheni, nimejaa. Mke wangu ndiye aliyenambia niandike hapa kwanza kabla sijapanda boti kwenda Unguja kumkunja mtu shati.

Mie mtu wa Pemba, riziki yangu baharini. Nilikuwa natafuta pikapu ya dizeli, dabo kebini, ivute tela la boti siku za kazi na siku nyengine ibebe watu wa nyumbani. Nikaipata kwenye yadi moja mjini Unguja. Jina silitaji, modereta wasije wakaufuta uzi, lakini wenyewe wakisoma watajijua. Gari imetoka Uingereza, usukani kulia, bodi haina mkwaruzo, viti vimevishwa kava mpya za ngozi zinanukia mpaka nje. Muuzaji akawasha injini, akaninyooshea kidole kwenye dashibodi: "Tazama mwenyewe sheikh, kuna taa hata moja iliyobaki?"

Haikuwepo. Na huo ndio wizi wenyewe.

Gari za miaka hii ukifungua switchi kabla hujawasha injini, taa za onyo zinawaka kwa pamoja: ya injini, ya breki, ya ABS (inayozuia magurudumu yasikwame ukikanyaga breki), ya eabegi (ule mfuko unaofumuka kukukinga gari inapogonga). Gari inajikagua. Zikishapita sekunde chache, au injini ikishawaka, zinazima. Sasa ile ya eabegi, picha ya mtu amekaa na duara mbele ya kifua, kama haiwaki kabisa pale mwanzo, basi kuna mkono wa mtu. Ya kwangu haiwaki. Muuzaji yeye kila mteja anamkuta injini inanguruma tayari, kwa hiyo hilo la mwanzo hulioni ng'o.

Fundi umeme wa Chake akaifungua dashibodi mbele ya macho yangu. Nyuma ya ile picha amekuta kipande cha utepe mweusi wa umeme, kimekatwa kwa wembe, mraba mdogo kuliko ukucha, pembe zote nne zimekandamizwa zikalala. Mtu kakaa kitako, kakata, kabandika, katazama kazi yake, karidhika. Tulipoubandua taa ikawaka na haikuzima tena.

Kisa chenyewe ni upuuzi mtupu. Chini ya kiti cha abiria pana soketi ya manjano. Soketi za eabegi kwenye gari nyingi ni za manjano makusudi, fundi akiiona ajue hapa si pa kuchezea. Hawa walitoa viti ili wavishe hizo kava zao, wakachomoa soketi na gari ikiwa na umeme, wakairudisha nusunusu. Kompyuta ikaandika hitilafu, taa ikawaka. Kuikaza soketi na kufuta hitilafu kwa mashine ya kupimia ni kazi ya asubuhi moja. Wao wakaona utepe ndio mkato.

Na msidhani ni eabegi peke yake. Mikanda ya mbele nayo ina kifaa kinachoivuta ikubane papo hapo gari inapogonga, na kimo kwenye mfumo huo huo. Yaani familia yangu imekaa ndani ya gari hii, mkanda kifuani, na huenda siku ya siku lisifanye kazi hata moja.

Fundi ananambia yangu nafuu. Keshaona gari ambazo waya wa taa ya eabegi umeungwa na wa taa nyengine, inawaka na kuzima kama kawaida, mnunuzi anaridhika. Nyengine eabegi ilisharipuka zamani kwenye ajali, badala yake imewekwa rizista, kijipande cha umeme cha senti chache, ili kompyuta idhani eabegi ipo. Ya waya inagundulika kwa mashine ya kupimia. Ya rizista hata mashine inaweza kudanganyika, mpaka mtu afungue atazame kwa macho.

Tuje kwenye hizo kava za "ofa". Ubavuni mwa viti vya mbele pana kilebo kidogo kimeandikwa AIRBAG. Eabegi ya ubavuni inatokea hapo hapo kwenye mshono wa kiti, inakuja kukinga mbavu. Wao wamepitisha ngozi nzito juu yake, wakashona mara mbili. Kava za gari za namna hii zinaachwa wazi ubavuni, au zinashonwa kwa uzi dhaifu wa makusudi. Na mito ya vichwa ya viti vya nyuma wameing'oa kwa sababu kava hazina matundu! Nilipoulizia nikajibiwa eti ilikuwa inaziba kioo. Inaziba kioo! Ule si mto wa kulalia, bwana. Unagongwa kwa nyuma, kichwa kinarudi, shingo ndiyo inayolipa. Unapandishwa mpaka ukaribiane na utosi wa anayekaa. Sasa wanangu nyuma hawana hata wa kuteremsha.

Kuna na hili la mtoto mchanga, nalisema kwa sababu shemeji yangu alikaa mbele na kichanga siku tunatoka bandarini na gari mpya. Pembeni mwa dashibodi, pale unapoona ukifungua mlango wa abiria, gari yangu ina tundu la funguo la kuzimia eabegi ya upande ule. Ukiizima, taa ya OFF inawaka. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi iliyo hai hata iweje, kwa sababu ikifumuka inakipiga kile kiti mgongoni na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo. Bora akae nyuma. Aliyeniuzia alikuwa na muda wa kunifundisha kuunganisha simu na redio, hili hakulitia mdomoni. (Na nyie mnaonunua vile vichwa vya mkanda vitupu mnavichomeka ili mlio unyamaze, sina la kuwambia leo, nina watu wangu wa kugombana nao.)

Skrini ya katikati inaandika mwendo kwa maili. Nikawapigia, wakasema "imekuja hivyo, haibadiliki." Uongo! Inabadilika kwa vitufe vya kwenye usukani, unaingia kwenye mipangilio, unatafuta vipimo, unachagua kilomita. Mpwa wangu alikuwa anapita Mtambile anaona 50 anajihisi mstaarabu, kumbe anakwenda kilomita 80 kwa saa na tela nyuma, mchana, watoto wa skuli wanatoka.

Tela sasa. Hapa ndipo roho ilipotaka kutoka.

Niliwaomba wanifungie gololi ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha tela kinalikalia. Kikombe cha tela langu kimechapwa inchi 2, yaani milimita 50.8. Gololi waliyonifungia imechapwa inchi 1 na 7/8, milimita 47.6. Niliwapa kipimo kwa maandishi, ujumbe ninao kwenye simu. Kikombe kinafunga vizuri juu yake, ukitingisha kwa mkono huhisi kitu. Tunateremka kwenda bandarini Mkoani, kwenye kona pana kishimo, gari ikazama ikainuka, kikombe kikaruka. Alhamdulillahi minyororo ya usalama niliipitisha msalaba chini ya mkono wa tela, ncha yake ikadondokea juu ya minyororo badala ya kujichimba kwenye lami. Lau ingekuwa imening'inia tu, boti ingekwenda peke yake mpaka gatini, na njia ile ina watu. Majibu ya yadi: "Tofauti ni milimita tatu tu, kaka."

Tatu tu!

Halafu nasaha zao. "Mizigo iweke nyuma ya boti, gari isielemewe." Ndivyo tela linavyoanza kutikisa mkia. Mashine ya boti tayari iko nyuma, ukiongeza madumu ya mafuta na masanduku ya barafu huko huko, mbele ya tela panakuwa pepesi na gari inapelekwa ubavu kwa ubavu. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kama asilimia 10 ya uzito wa tela na mzigo wake ikalie gololi: tela la kilo 700, kilo 70 hivi mbele. Na likianza kuyumba mguu unaondoka kwenye mafuta, usukani unashikwa wima, ukikanyaga breki kwa nguvu umejimaliza.

"Hii inavuta tani tatu na nusu," nalo wamelisema. Ndiyo, Hilux na Ranger nyingi za karibuni zimeandikiwa kilo 3,500, kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki ni 750. Nitajieni tela za boti Pemba zenye breki, nahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Tena uzito unaokalia gololi unahesabiwa pamoja na watu na vilivyomo kwenye bodi. Kwa hiyo kuitia mashine ya boti kwenye pikapu, na vijana sita juu yake, hujapunguza kitu.

Mwisho ile swichi yenye picha ya gari na tela. Muuzaji: "Hiyo inaongeza nguvu." Haiongezi hata punje. Inabadilisha wakati wa kupandisha gia, gari inakaa kwenye gia ya chini muda mrefu, na ukiteremka injini inaizuia gari ili breki zisiungue. Kwa milima yetu, swichi hii ina kazi zaidi kwenye kuteremka kuliko kupanda. Kijana wangu aliambiwa ni ya kupandia, basi akifika kileleni anaizima! Breki zinanuka mpaka Mkoani yote inajua tumefika. Na soketi ya taa za tela chomoeni kabla ya kulizamisha baharini, globu za moto zikikutana na maji ya chumvi zinapasuka. Hilo yadi hawahusiki nalo, nimelikumbuka tu.

NYONGEZA: Kuna ndugu kasema chini huko "Pemba hakuna mwendo, eabegi za nini." Ndugu yangu, njoo ukae kiti cha mbele tuteremke pamoja tuone utashika nini.

Na huyu anayeuliza kwa nini sikukagua kabla ya kulipa. Nilikagua. Ndiyo maana walibandika utepe.

NYONGEZA YA PILI: Wamenipigia, wameusoma uzi. Wanataka niufute kwanza ndipo tuzungumze. Siufuti. Nataka gharama ya fundi na ya kupima mfumo wote wa eabegi, gololi ya inchi 2, na kava waje wazivue wenyewe. Wasipofanya, safari yangu ya Unguja inaanzia ZFCC, tume ya Zanzibar ya ushindani halali wa biashara, na kile kipande cha utepe nimekibandika kwenye karatasi pamoja na picha. Mito ya vichwa naitaka ile ile ya gari yangu, msinitafutie ya gari nyengine. Iko stoo kwenu, kijana wenu keshanambia.