Msaada: nabadilisha ganda la Game Boy Advance SP, naogopa utepe wa skrini

Kijana_Ndosho
Habari za jioni wakubwa. Niko na Game Boy Advance SP, ile mashine ndogo ya michezo ya kukunja, ya rangi ya fedha. Ganda limepasuka kwenye bawaba, kifuniko hakisimami. Ndani ni nzima: inawaka, inashika chaji, hata kwenye hedifoni sauti inatoka safi. Nimeshanunua ganda jeusi lililotoka Kampala, na vitufe vyake. Nataka kufungua mwenyewe usiku huu, ila naogopa kukata utepe wa skrini, ule waya bapa. Nianzie wapi? Jibuni haraka, moto wa umeme ukikatika sitaona kitu.

Fundi_Birere
Toa betri kwanza. Kifuniko chake kina skrubu ya kawaida. Zile za mgongoni ni za mabawa matatu, usizilazimishe kwa bisibisi ya telefone, utazila meno. Ukikosa bisibisi yake, yeyusha kitako cha kalamu ya Bic kwa kiberiti, kandamiza juu ya skrubu, subiri ipoe, zungusha polepole. Skrubu za upande wa skrini zimejificha chini ya vile vipande vya mpira, vibandue kwa sindano.
Utepe umepita ndani ya bawaba. Kwenye bodi sogeza kifungio chake kwa ukucha, upande huu kidogo, upande ule kidogo, ndipo uvute. Kuupitisha kwenye ganda jipya unauviringisha, usiupinde hata mara moja. Na utandike kitambaa cheupe: chemchemi za vitufe vya L na R zinaruka, zikiangukia kwenye makoro, haya mawe ya volkano hapo nje, ndiyo basi.
Swali: bawaba ndiyo mbovu. Rangi inabadilishwa kwa nini?

Mama_Mapacha
Mimi nashangaa mtu mzima na michezo. Mwaka 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tukaambiwa tutoke mjini Goma, mume wangu alifika Sake na dekoda kifuani. Dekoda! Viatu vya watoto vimebaki nyumbani. Mpaka leo nikimkumbusha anasema moto ungeiunguza.

Chukudu_Express
Mama, na mechi mliona lakini?

Kijana_Ndosho
Aksanti Fundi. Rangi ni kupenda tu.

Fundi_Birere
Sawa. Nisomee karatasi ya mgongoni, imeandikwa AGS-001 au AGS-101? 101 inawaka kwa nyuma ya skrini, ni bora zaidi, hiyo usiichezee bila uzoefu.

Kijana_Ndosho
Nimeshaibandua. Ilikuwa imechakaa.

Yaya_Katindo
Ngoja kwanza. Karatasi ndiyo ina namba ya mashine. Ganda jipya, rangi mpya, namba hakuna. Weye uko unatuficha kitu, mdogo wangu. Ni ya nani?

Kijana_Ndosho
Iko kwangu.

Yaya_Katindo
Sikuuliza iko wapi.

Kijana_Ndosho
Basi. Jirani aliniachia rehani ya dola 30. Alisema atalipa kabla ya Pasaka, sasa nikimpigia hapokei. Sijaiba. Tena akirudi ataikuta na ganda zima, si nimemwongezea thamani? Shida mtoto wake huja kucheza kwetu, akiiona atalia, ndiyo maana jeusi ni bora.

Mama_Mapacha
Eti mtoto atalia! Rehani ni amana, si mali yako. Mwenyewe akija na dola zake mkononi utamwonyesha nini, mashine nyeusi asiyoijua? Mwite mbele ya mkubwa wa avenue, mpeane siku.

Chukudu_Express
Kukopa harusi, kulipa matanga, na huyu ameshanunua suti nyeusi ya matanga.

Kijana_Ndosho
Mnanihukumu na pesa ni zangu. Nimeshafungua skrubu tatu, sirudi nyuma.

Fundi_Birere
Zirudishe hizo tatu. Ukishindwa kabisa, ganda la zamani usitupe hata kipande, liweke kwenye mfuko na ile karatasi.

Kijana_Ndosho
Karatasi ilichanika.

Bukavu_Nyawera
Samahani naingilia. SP haina tundu la hedifoni. Sauti safi ameisikia wapi? Na uzi kama huu niliusoma hapa, wakati ule ilikuwa telefone ya rehani, na "jibuni haraka" ileile. Huyu anatunga, anatuchekea.

Fundi_Birere
Tundu haina, kweli. Lakini upo waya wa kati unaochomekwa palepale pa chaji, ndipo unaweka hedifoni.

Kijana_Ndosho
Ndiyo huo! Alinipa pamoja na mashine.

Bukavu_Nyawera
Umekumbuka baada ya kufundishwa. Weka picha.

Kijana_Ndosho
Moto umekatika.

Chukudu_Express
Na wewe unaandika kwa mshumaa?

Yaya_Katindo
Telefone ina tochi. Washa, piga picha, skrubu tatu zionekane.

Mama_Mapacha
Hata kama ametunga, mimi najua watu watatu kwenye avenue yetu wenye rehani za wenzao ndani ya kabati. Wasome.

Fundi_Birere
Mimi nimeandika yote yale juu ya utepe kwa kidole kimoja. Mashine isiwepo kweli, nitakasirika.

Mgeni_Himbi
Jamani, hilo ganda jeusi kama halitumiki, bei gani? Yangu SP ipo, na karatasi yake ipo mgongoni.