Naomba ushauri: nimepewa barua ya onyo kwa maoni ya siasa, mwenzangu kaachwa

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, nimeajiriwa ghala la vifaa vya ujenzi upande wa Majengo. Wiki iliyopita niliandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini kwamba diwani wetu anaonekana msimu wa kura tu. Sikutukana. Kesho yake nikakabidhiwa barua ya onyo, eti naleta siasa kazini, nijieleze ndani ya siku tatu.

Sasa kuna mwenzangu wa stoo, kada wa chama cha bosi. Huyo kila siku anawaita wapinzani vibaraka, humo humo kwenye grupu, na bosi anamwekea dole gumba!

Najua ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni, na Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya maoni ya kisiasa. Ila nina watoto wawili shule.

(Niseme ukweli, mwaka jana kada mwingine alipofukuzwa kwa maneno yake, nilicheka.)

Je, kwenye maelezo nimtaje yule wa stoo, au nijitetee mwenyewe tu? Na CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) wanapokea lalamiko la onyo, au mpaka nifukuzwe?