Baba amewekewa mpira kwenye mshipa wa mguu: kwa nini hakupasuliwa?

BintiWaMuheza aliuliza:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Baba yangu ana miaka 66 na amevuta sigara tangu ujana. Kwa mwaka mzima alikuwa akitembea kidogo tu, shavu la mguu wa kushoto linambana mpaka asimame. Jumatano alfajiri mguu huo ulipoa ghafla, ukapauka, vidole vikafa ganzi, ingawa aliweza bado kuvichezesha. Hospitali walimpiga picha ya mishipa, wakasema damu imeganda ndani ya ateri ya paja, kisha wakapitisha mpira mwembamba ambao dawa inapita humo polepole tangu jana jioni. Baba zangu wadogo wanahoji kwa nini bonge hilo halikutolewa kwa upasuaji mara moja, na mimi sielewi kwa nini mpira umeingizwa kwenye kinena cha mguu wa kulia, ulio mzima. Leo asubuhi fizi zake zimetoka damu kidogo.

ZamuYaUsiku alijibu:
Nianze na fizi, kwa kuwa hilo halingoji: mwambie muuguzi sasa hivi, hata kama ni matone mawili. Akilalamika kuumwa kichwa ghafla, au maneno yakianza kumtatiza, pigeni kelele, maana dawa inayoyeyusha bonge la mguuni inaweza pia kusababisha damu kuvuja ubongoni.

Mpira kuingilia kulia si kosa. Mshipa mkuu wa tumbo hugawanyika katika matawi mawili karibu na usawa wa kitovu, kwa hiyo katheta, yaani mpira huo, hupanda kutoka kinena cha kulia, ikapinda pale kwenye njiapanda na kushuka upande wa kushoto, mpaka ncha yake yenye vitundu vya pembeni ikazama ndani ya bonge lenyewe. Kwa sababu dawa inafikishwa mahali hasa panapohitajika, kipimo chake huwa kidogo: mgonjwa wa kiharusi anaweza kupewa alteplesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hadi miligramu 90 kwa saa moja, ilhali ya mguuni kwa kawaida haizidi miligramu 1 kwa saa. Ndiyo maana kazi huchukua usiku kucha, pengine siku mbili, na ndiyo maana amekatazwa kuketi au kukunja mguu wenye mpira.

Kuhusu upasuaji, baba zako wadogo hawajakosea kuuliza. Tangu 1963 madaktari wanayo katheta ya Fogarty, yenye puto dogo nchani, ambayo hupitishwa kwenye mshipa uliochanwa na kulivuta bonge nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliohusisha wagonjwa 544, ulionyesha kwamba njia hizo mbili zilikaribiana katika kuokoa mguu na uhai. Waliopewa dawa walihitaji upasuaji mara chache zaidi baadaye, lakini asilimia 12.5 kati yao walivuja damu sana, dhidi ya asilimia 5.5 ya waliopasuliwa. Kwa maoni yangu, kinachoamua ni hali ya mguu. Baba yako alikuwa na ganzi ya vidole tu na bado anavichezesha, kwa hiyo muda wa kungoja dawa ulikuwepo. Angekuwa ameshindwa kuvichezesha, ningekuwa wa kwanza kudai kisu.

MzeeWaGati alijibu:
Marahaba, binti yangu. Marehemu mke wangu alipoanza hivyo hivyo tulidhani ni baridi yabisi, tukamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu kwa siku tatu. Tulipofika hospitali mguu ulikuwa na mabaka ya zambarau na misuli imekakamaa, na daktari akatueleza kwamba kuufungulia damu wakati huo kungerudisha sumu za misuli iliyokufa kwenye moyo na figo. Walimkata juu ya goti. Waambie baba zako kwamba ninyi mliwahi.

BintiWaMuheza:
Pole sana, mzee wangu, na asante. Fizi zimeangaliwa, dawa ikapunguzwa. Picha ya pili imeonyesha bonge limeyeyuka, na chini yake pamekutwa sehemu ya mshipa iliyosinyaa, wakaipanua kwa puto kupitia njia ile ile. Mpira umetolewa.

ZamuYaUsiku:
Basi hapo ndipo palipokuwa na chanzo, na ndicho kilichokuwa kikimbana shavu la mguu mwaka mzima. Leo na kesho chungulieni shavu hilo: likivimba, likawa gumu na kuuma kupita kiasi vidole vikinyooshwa, aitwe daktari wa upasuaji bila kuchelewa, kwa sababu misuli iliyokosa damu huvimba inaporudishiwa na inaweza kuhitaji kuchanwa ngozi ili ipumue. Ile alama ya kalamu aliyochorwa upande wa juu wa wayo msiifute akioga. Hapo ndipo wauguzi wanapotafuta mapigo kila zamu. Na sigara zilizomo mfukoni mwa koti lake, zitoe kabla hajarudi nyumbani.