Pampu ya pistoni ya kuchonga mwenyewe: oringi inalika sehemu tatu, maji hayatoshi

mchonga_shaba:
Wakuu, naomba ushauri. Nina pampu ya maji niliyoichonga kwenye leth (mashine ya kuchongea vyuma) ndogo ya nyumbani. Silinda ni bomba la shaba, nje mm 46, ndani nimelitanua hadi 40, urefu 130. Pistoni ni ya aluminiamu, 39.9, ina oringi (pete ya mpira ya kuziba) moja ya 34 kwa 3, yaani tundu 34, unene 3. Mwendo wa pistoni ni mm 80, mapigo 60 kwa dakika, kwa hiyo ilitakiwa itoe kama lita 6 kwa dakika. Haifiki 4. Oringi mpya haidumu, na inalika sehemu tatu tu zilizoachana sawasawa, kwingine nzima. Silinda nimeipima kwa vernia kila upande, inasoma 40.0. Vali ni goroli za beringi za mm 12. Inavuta kutoka kisimani, kina cha mita 3.

tona_mkongwe:
Mkuu, wakati wa kutanua ulilishika vipi hilo bomba?

mchonga_shaba:
Chaki (kishikio cha leth) ya taya tatu, nikakaza sana lisije likazunguka.

tona_mkongwe:
Basi jibu liko hapo. Ukuta wa mm 3 ni mwembamba. Taya tatu zikikaza, bomba linaingia ndani kidogo sehemu tatu. Unalichonga likiwa limebanwa, tundu linatoka duara safi. Ukilegeza chaki, zile sehemu tatu zinarudi nje na duara limeharibika. Palipokuwa na taya kuna nafasi, maji yanapita. Katikati ya taya na taya pamebana, oringi inasagwa. Kwa kuwa pistoni yako haizunguki, inasagwa palepale kila pigo.

Vernia haiwezi kukuonyesha hilo. Inapima pointi mbili zinazotazamana, na kwenye umbo la pembe tatu kila palipotoka nje panatazamana na palipoingia ndani, hivyo jumla inabaki 40.0 ukizungusha popote. Chonga kipande cha duara kinachoingia kwa kubana, kipake wino wa maka pen pembeni, kisukume bila kukizungusha. Wino ukifutika sehemu tatu, umepata ushahidi.

kisu_kikali:
Naunga mkono. Usitupe silinda, itanue hadi 40.3 na uchonge pistoni mpya. Safari hii tengeneza pete ya chuma, nje mm 60, ndani 46 kamili, ipasue upande mmoja kwa msumeno, bomba likae humo kisha ndiyo chaki ishike pete. Nguvu inagawanyika kuzunguka bomba zima. Tumia fimbo nene ya kushikia kisu cha leth, mm 25 ikiwezekana, maana kina cha 130 kwa fimbo nyembamba kitatetemeka. Mkato wa mwisho uwe 0.05, kisha pitisha kisu mara mbili bila kuongeza kitu. Malizia kwa msasa namba 400 wenye mafuta, halafu osha kwa sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke safi. Punje za msasa zikibaki zinajichomeka kwenye shaba na kuendelea kukwangua.

tona_mkongwe:
Pete ni nzuri, ila mimi bado ningelibana kwa urefu kwenye feisipleti (sahani bapa ya leth), bolti tatu zikikandamiza kifuniko chenye tundu katikati juu ya mdomo wa bomba. Hapo hakuna kabisa nguvu ya pembeni.

Pistoni mpya iwe ya shaba. Aluminiamu ndani ya shaba na maji italika yenyewe hata ukichonga vizuri namna gani. Nailoni nayo inafyonza maji na kuvimba, itakukwama. Kipenyo 40.2, mfereji wa oringi uchimbwe hadi 35.1, upana mm 4. Oringi yako ya 34 kwa 3 inafaa ileile, inabanwa 0.4, yaani kama asilimia 13. Ukiibana zaidi itakuwa nzito na itawahi kuisha. Mdomo wa silinda uukate mteremko wa digrii 15, la sivyo oringi inachanika siku ya kuingiza.

goroli_na_kitako:
Msisahau vali, upungufu wa lita 2 hautokani na pistoni peke yake. Goroli za beringi zinashika kutu kwenye maji, zikipata vidoa hazizibi. Tafuta za stenlesi. Tundu la kitako (pale goroli inapokalia) liwe mm 8.5, kona yake kali, bila mteremko. Weka goroli kuukuu juu yake, gonga mara moja kwa nyundo na kipande cha shaba, kisha itupe na uweke mpya. Alama ya kitako iwe nyembamba kuliko nusu milimita. Goroli ipande mm 3 tu, ikipanda sana inachelewa kushuka na maji yanarudi.

Mita 3 za kuvuta si tatizo. Ila paka grisi kwenye viungo vyote vya bomba la kuvutia, pampu ikiwa kazini. Maji yakiongezeka ghafla, ulikuwa unavuta hewa.

mchonga_shaba:
Shukrani wakuu. Wino umefutika sehemu tatu kweli. Maji ya kisima yana mchanga kidogo, oringi itahimili?

kisu_kikali:
Kwa mchanga, ngozi ni bora kuliko oringi. Kata duara la ngozi ya ng'ombe ya mm 3, iloweke kwenye maji, ibane kwenye kalibu ya kikombe mpaka ikauke, kisha iloweke kwenye mafuta ya nazi au samli. Mdomo wa kikombe utazame upande wa shinikizo. Kama unataka kubaki na oringi, funga chujio la wavu mwembamba kwenye mdomo wa bomba la kuvutia, na mdomo huo uninginie angalau sentimita 30 juu ya tope.