Uzi wa kwanza unakatika kila Jumamosi, ni nyuzi feki au nimerogwa?

solo_wa_Pasua:
Habarini wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Mimi napiga solo kwenye kwaya yetu huku Moshi, gitaa ni la kanisa, la umeme, lina umbo la Stratocaster ila sio Fender ni kopi tu, lina na ule mkono wa kutingishia briji, kile chuma cha chini nyuzi zinapokalia (mkono wenyewe haupo, watoto wa sandei skuli waliondoka nao zamani).

Shida yangu ni uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa. Tangu Pasaka nimebadilisha mara nne na karibu kila mara unakatika Jumamosi jioni kwenye mazoezi ya mwisho, maduka yamefungwa, kwaio Jumapili naingia na nyuzi tano mwenyekiti wa kwaya ananiangalia kama nimechota sadaka. Hizo zingine hazikatiki ila zimekua nyeusi, saundi imefifia kama napiga bati lililolowa, alafu natyuni vizuri zikiwa wazi lakini nikishuka freti ya 12 (vile vichuma vya kwenye shingo) zinagoma hazikubaliani.

Nilivojaribu: nimepaka mafuta ya kupikia kama jamaa mmoja alivoniambia. Zile nene nimezichemsha kwenye sufuria ya mama, mama hajanisamehe mpaka leo. Na uzi wa nne nimefunga wa gitaa kavu lisilo la umeme, ule wa rangi ya shaba, sa huo ndo maajabu maana kwenye amplifaya hausikiki kama wenzake, yani napanda napanda nikifika hapo ni kama nimekanyaga shimo.

Nyuzi ni feki au? Na nibadilishe zote au huo mmoja tu? Hela ya kwaya ni ya kuombea kikao.

chuga_finest:
Feki izo mwanangu, agizia nje. Next

GitaaLaUsiku:
@chuga_finest wewe kila uzi kwako feki.

Kijana marahaba. Kabla hatujamsingizia muuza duka, niambie kitu kimoja: unakatika WAPI? Juu kule kwenye visikio vya kukazia, katikati unapopiga, au chini kwenye briji? Kama vipande umevitupa basi subiri ukatike tena uangalie. Mimi napigia mahoteli hapa Arusha miaka mingi, na uzi uliokatika huwa siutupi kabla sijauangalia.

solo_wa_Pasua:
Mzee ninavyo vipande vyote vinne kwenye begi, nilikua nataka kumuonyesha muuza duka. Nimevilaza mezani sasa hivi vyote vimekatika chini, kwenye briji, na ukivilinganisha ni pale pale, havipishani hata upana wa kucha 😳

GitaaLaUsiku:
Basi duka halina kosa. Uzi mbovu unakatika popote unapojisikia, ukiona nne zimekatika sehemu moja ujue kuna kitu pale kinazikata.

Angalia kwenye briji, kila uzi umekalia kichuma chake, viko sita. Hicho cha uzi wa kwanza kimeota kijino. Huwezi kukiona kwa macho hasa hizi kopi ambazo chuma chake hakikusuguliwa vizuri kiwandani, lakini uzi wa kwanza ni mwembamba mno, kama seti yako ni ya 10 maana yake unene wake ni sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, robo tu ya milimita, na wewe wa solo unauvuta juu kila mstari, kila ukivuta unasuguliwa pale pale kama kamba ya ng'ombe kwenye mti. Lazima ukatike.

Kupima: toa uzi, chukua pamba ya masikioni pitisha taratibu juu ya kile kichuma. Ikinasa hata unyoya mmoja, umempata mchawi wako.

Dawa yake ni msasa laini kabisa, ule wanaomalizia rangi za magari, namba 600 halafu 1000. Kunja kaukanda kembamba, sugua kufuata njia uzi unavyopita, usikate kushoto kulia. Mara kumi, pima na pamba, rudia. Usiwe na njaa ya kusugua, unatoa kijino tu, huchimbi kisima. Na kabla hujaanza ZIBA PIKAPU, zile za chini ya nyuzi zinazopeleka sauti kwenye amplifaya, kwa selotepu, maana zile ni sumaku na unga wa chuma ukinasa pale kuutoa ni kazi ya kufungia mlango. Ukimaliza chukua penseli ya kawaida chora chora pale uzi unapokalia, na kule juu kwenye vijishimo nyuzi zinapopita kabla ya visikio napo chora. Ule weusi wa penseli ni grafiti, unateleza.

Huo uzi wa gitaa kavu utoe leo. Pikapu haisikii upepo, inasikia chuma kinachocheza juu ya sumaku. Nyuzi za umeme zimezungushiwa chuma chenye nikeli, hizo za gitaa kavu zimezungushiwa shaba na sumaku haiijui shaba, inasikia ule waya mwembamba wa ndani peke yake. Kwenye galatoni zetu za zamani, yale magitaa makavu, ilikua raha, kwenye pikapu ni shimo kama ulivosema.

mama_rithim:
Kaka angu mafuta ya kupikia jamani 😂😂 unataka kupiga solo au kukaanga mihogo?

Mimi napiga rithim kanisani hapa Moshi, Soweto. Moshi ni joto, ibada ya pili saa tano hiyo mikono inatoka jasho na jasho lina chumvi, chumvi na chuma unajua kinachotokea. Mafuta yenyewe yanakamata vumbi yanageuka gundi inaingia katikati ya zile nyuzi za kuzungushwa ndo maana saundi imelala. Ninachofanya mimi ni hiki tu: naosha mikono kabla sijashika gitaa, nikimaliza nafuta kila uzi na kitambaa cha pamba kikavu, naubana kwa vidole juu na CHINI yake, maana watu wanafuta juu tu uchafu uko chini. Dakika mbili. Tangu nianze hivo nyuzi zangu zinakaa karibu mara mbili ya zilivokua zinakaa.

Kuchemsha inasaidia kidogo zile nene, inatoa mafuta na ngozi iliyojificha mle ndani, unapata mng'ao wa siku chache alafu unarudi pale pale. Zile nyembamba tatu usizichemshe hazina pa kuficha uchafu, unaziletea kutu bure. Spiriti kidogo kwenye kitambaa ni sawa kwenye uzi ila weka kadi chini isigusane na ubao, inakausha mbao. Na mnunulie mama sufuria.

Halafu hiyo ya kugoma freti ya 12 ni uzee. Pitisha kucha chini ya uzi wa tatu pale usawa wa freti utasikia vibonde, ni freti zimeula. Uzi wenye vibonde haupigiki sawa hata ukimleta malaika akutyunie. Hapo usihesabu miezi, hesabu vibonde.

dogo_sakina:
Mm nabadilisha ule uliokatika tu, wengine wanini? hela iko wapi

mama_rithim:
Wewe ukiweka mpya mmoja kati ya vikongwe watano, huo mpya unalia peke yake kama mtoto mchanga kwenye mkutano wa wazee. Kwa dharura sawa, Jumamosi usiku nani atakulaumu. Ila kama zimefika huko alikofika mwenzetu ni seti nzima.

GitaaLaUsiku:
Nakubaliana na dada. Ila solo_wa_Pasua sikiliza, kwa kua briji yako ni ya kutingisha USITOE ZOTE SITA kwa mpigo. Ile briji nyuma imeshikwa na springi zinazovuta upande mmoja, nyuzi zinavuta upande wa pili, wako kwenye mvutano kama kamba ya michezo ya shule. Ukiachia upande mmoja wote briji inalala, ukifunga upya utatyuni mpaka usiku, ukikaza wa kwanza, wa sita unashuka. Badili mmoja mmoja, toa huu funga huu tyuni, nenda unaofuata.

Na kabla hujaukata wa zamani ulegeze kwanza. Kijana mmoja nilimuona anakata uzi uliokazwa kwa plaizi, ncha ilimpiga chini ya jicho, sentimita moja juu angekua anapiga gitaa kwa kupapasa.

Na seti mpya ni namba ngapi?

solo_wa_Pasua:
Aisee nimenunua ya 10 mpaka 46. Zilizokuepo sijui, kwenye mfuko wa zamani naona imeandikwa 9-42

GitaaLaUsiku:
Ahaa. Basi jiandae. Seti ya 9 ikityuniwa kawaida inavuta jumla kama kilo 38, ya 10 inavuta kama 46. Kilo nane zimeongezeka, briji itanyanyuka kwa nyuma na nyuzi zitakua juu utadhani za kuanikia nguo. Fungua kile kifuniko cha nyuma, utaona springi na skrubu mbili kubwa, kaza nusu mzunguko kila moja, tyuni tena, angalia. Mpaka ikae ilivokua. Au rudisha dukani ubadilishiwe 9, wewe wa kuvuta nyuzi 9 itakupendeza vidole.

chuga_finest:
Kaza tu 10 mwanaume gani anapiga 9

mama_rithim:
@chuga_finest mimi napiga 11 na sio mwanaume, endelea.

Kijana, kwenye kuzungusha, uzi mwembamba upate mizunguko mitatu hivi kwenye kisikio, mnene miwili inatosha, na mizunguko ishuke chini isipandane. Ukishatyuni uvute uzi taratibu kwa vidole kuja juu, utashuka, tyuni, vuta tena, mpaka ukatae kushuka. Watu wanaruka hii hatua alafu wanasema visikio vibovu. Na funga Ijumaa, sio Jumapili asubuhi.

solo_wa_Pasua:
Nimerudi. Pamba ILINASA!! yani imeacha nyuzinyuzi kabisa. Nimesugua na msasa wa 1000 fundi rangi mmoja Majengo alinipa kipande bure alafu akanicheka eti gitaa linapigwa rangi. Penseli nimeiba ya mdogo wangu. Seti nimerudisha nikapewa 9, nimefunga mmoja mmoja Ijumaa usiku, saundi imerudi mpaka mwalimu wa kwaya kauliza tumenunua gitaa lingine.

Jumamosi haujakatika. Jana ibada zote mbili haujakatika. Ila kuna kitu, uzi wa tatu nikiuvuta alafu nikauachia unalia "tik" kule juu na unatoka kwenye tyuni kidogo.

GitaaLaUsiku:
Huo unanasa kwenye kijishimo cha juu. Ulichora penseli kote kama nilivosema au uliishia kwenye briji?

solo_wa_Pasua:
...niliishia kwenye briji mzee

GitaaLaUsiku:
Haya. Mrudishie mdogo wako penseli ukishamaliza.

dogo_sakina:
wakuu kuna anaejua pa kupata uzi wa kwanza wa 9 mmoja mmoja sio seti? wangu umekatika sasa hivi na kesho nina harusi Njiro

GitaaLaUsiku:
Umekatika wapi?

dogo_sakina:
😅 chini kwenye briji

GitaaLaUsiku:
Pita kesho asubuhi kabla ya saa nne Sanawari pale stendi ya daladala nakuletea mbili. Njoo na gitaa, na pamba.