Korosho zote zipite bandari ya Mtwara: amri peke yake inatosha, au tunamshushia mkulima bei kimyakimya?

Wadau, naomba hili tulijadili bila ushabiki wa mkoa wala wa chama, maana kila Oktoba msimu wa korosho ukifunguliwa ugomvi unaanza upya na ukiisha kila mtu anabaki na lake.

Kwa ambao hawafuatilii, tangu msimu wa 2023/24 serikali ilielekeza korosho ghafi za kusini, yaani Mtwara, Lindi na Ruvuma, zisafirishwe nje kupitia bandari ya Mtwara badala ya kupakiwa kwenye malori kwenda Dar. Watu wa kusini wengi walishangilia. Wanunuzi na wasafirishaji wengi wakanuna, wanasema waachwe wachague wenyewe bandari inayowafaa.

Mimi niko upande wa Mtwara, nalisema mapema ili mtu asinizungushe. Serikali imetumia zaidi ya bilioni 150 kupanua ile bandari na kujenga gati jipya la mita 300, sasa gati likae linapigwa upepo huku malori yanakimbia kilomita zaidi ya 500 kwenda Dar, hapana, hiyo siikubali. Makuli wa Mtwara wale, mama ntilie wale, mwenye fuso ale. Lakini naona tunabishana kuhusu gati wakati gati lipo. Kinachokosekana Mtwara ni kontena tupu.

Hapa ndipo watu wengi wanapita haraka. Dar makontena yanaingia yamejaa, bidhaa za Kariakoo, mizigo ya Zambia, mizigo ya Congo. Yakishushwa yanabaki matupu, na mwenye meli hapendi kurudi Asia na kontena tupu kwa hiyo mtu wa korosho akitokea anapewa bei ya kueleweka kwa sababu lile kontena lilikuwa linarudi tu. Mtwara mzigo unaoingia kwa kontena ni mdogo sana, kwa hiyo kampuni ya meli inabidi iyalete makontena matupu baharini, iyashushe, isubiri yajazwe, ndio iondoke. Safari moja nzima haina mapato na hakuna kampuni ya meli duniani inayofanya hivyo bure.

Pigeni hesabu. Chukua tani 300,000 tu, na msimu wa 2024/25 tulivuka 500,000. Kontena la futi 20 linabeba korosho ghafi tani 15 hivi. Hayo ni makontena 20,000 yanayotakiwa kuletwa matupu ndani ya miezi mitatu minne. Yasipopatikana kwa wakati, mnunuzi ameshalipa, korosho ziko ghalani, ghala limejaa, malori ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, yenye mzigo wa mnada unaofuata yanapanga foleni nje, na kule kijijini mkulima anaambiwa subiri. Akisubiri sana na mtoto anatakiwa shule, anakuja mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo anayepima kwa bakuli kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo meli iliyochelewa bandarini inaishia kumuumiza mtu wa Kitangari kule Newala ambaye hata meli yenyewe hajaiona.

Na gharama anabeba nani? Kuna mtu kaniambia "wanunuzi ni matajiri, wabebe wao". Ndugu yangu, mnunuzi anapoweka bei mnadani anaanzia kwenye bei atakayouza Vietnam au India, halafu anarudi nyuma anatoa moja moja: meli, kontena, ushuru, ghala, riba ya benki, faida yake. Kinachobaki ndio bei anayoiandika. Tuseme kwa mfano usafiri umempandia shilingi 100 kwa kilo, hatoi mfukoni kwake, anaishusha kwenye bei, na mkulima mwenye tani moja anakuwa amepoteza laki moja bila kuiona kwenye karatasi yoyote. Makato ya AMCOS na chama kikuu cha ushirika tunayaona na tunayapigia kelele kila mkutano, hili halina hata mstari kwenye stakabadhi.

Lakini wanaosema "basi turudi Dar" nao hesabu yao ina shimo. Wanaweka bei ya kontena peke yake. Lori la kwenda Dar linalipiwa, barabara inachakaa na tunaitengeneza kwa kodi zetu, na Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya kusini ilikatika siku kadhaa. Ilikuwa nje ya msimu wa kusafirisha, bahati yetu, lakini mnyororo mzima wa zao kubwa namna ile kuning'inia kwenye barabara moja ni hatari kubwa. Mtu akitaka kulinganisha Mtwara na Dar alinganishe kuanzia mlangoni kwa ghala kuu mpaka bandari ya Tuticorin kule India au Ho Chi Minh kule Vietnam, pesa na siku, sio kipande kimoja anachokipenda.

Hizo siku ndio naona hazizungumzwi kabisa. Korosho yetu inatoka Oktoba mpaka Januari, wakati India na Afrika Magharibi hawana mzigo mpya, viwanda vyao vinautafuta. Ikifika Februari, Machi, wao wanaanza kuvuna. Mzigo uliokaa Mtwara unasubiri meli mwezi mzima unafika sokoni umekutana na wa Ivory Coast. Juu ya hapo Desemba mvua zinaanza, unyevu unapanda, ubora unashuka. Mnunuzi mzoefu anaijua hatari hiyo, na asipokuwa na uhakika meli itakuja lini anajilinda kwa kushusha bei tangu siku ya mnada. Ndio maana nasema kutokuwa na ratiba ya meli nako ni makato.

Sasa tufanyeje? Mimi naona ratiba ya meli na idadi ya makontena itangazwe kabla mnada wa kwanza haujapigwa, kila mtu aione, kama tunavyotangaziwa tarehe za minada kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa linaloendesha minada kwa mtandao. Pili mzigo wa kuingia. Salfa, ile dawa ya mikorosho, na viuatilifu vya wakulima vinavyogawiwa kila mwaka vinakuja kusini kwa wingi, vya kusini vishushiwe vyote Mtwara moja kwa moja. Mfanyabiashara wa Masasi au Songea bado atakwenda Kariakoo kwa sababu ananunua kidogo kidogo na wauzaji wa jumla wako kule, huyo huwezi kumwamrisha, mpaka wapatikane watu wa kusini wenye mtaji wa kuleta kontena zima. Makaa ya mawe kutoka Ngaka, Ruvuma, yameleta meli nyingi kweli lakini hayo hayaji na makontena, na vumbi lake karibu na chakula sio jambo la kuchekea, bandari ya Kisiwa Mgao iharakishwe yahamie huko.

Na tubangue. Korosho ghafi kilo 100 zinatoa karanga kilo 20 na kitu. Maana yake sehemu kubwa ya tunachopakia kwenye hayo makontena ya shida ni maganda, tunalipa nauli ya maganda mpaka Asia. Ukibangua hapa makontena unayohitaji yanabaki kama robo, na ganda linabaki linatoa mafuta. Tulijengewa viwanda 12 vya kubangua miaka ya 70 na 80, vingi vikaishia kuwa maghala. Kwa hiyo anayeniambia tatizo la makontena halina dawa, dawa mojawapo tulikuwa nayo mkononi.

Najua nitapingwa na naomba mnipinge kwa namba. Mawakala wa forodha mliopo humu, msimu uliopita kontena moja la Mtwara lilizidi la Dar kwa kiasi gani ukishatoa nauli ya lori? Wanaosema tupakie magunia kwenye meli ya kichele bila kontena, ubora ulifikaje kule? Na viongozi wa AMCOS zilizo chini ya vyama vikuu vya TANECU, MAMCU na RUNALI, mnunuzi akishusha bei mnadani huwa mnamuuliza kiasi gani ametoa kwa ajili ya meli, au mkulima anapigishwa kura ya kukubali bei bila hiyo hesabu kuwekwa mezani?