Kimya changu, safari ya msiba na miwani ya mama

Ndugu zangu habari za siku. Najua nimekaa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmenitafuta mpaka kwa simu, asanteni sana. Mama yangu mzazi amefariki. Nilipigiwa saa kumi alfajiri, na nyie mnaijua simu ya saa hizo ukiwa mbali na kwenu, hata sijapokea miguu ilishaisha nguvu. Nimerudi juzi, leo ndio nimepata moyo wa kuandika, na naandika kwa sababu kuna mambo yamenikuta ambayo sitaki yamkute mwenzangu akiwa kwenye machozi.

La kwanza ni pasi za watoto. Yangu haikuwa na shida, ya mwanangu ndio imebaki miezi 4. Yeye anasafiri na pasi ya huku kwa hiyo kule anaingia kama mgeni, na nchi nyingi zinataka pasi ya mgeni iwe hai angalau miezi 6 toka siku anayoingia. Nimekuja kuligundua hilo nimeshaanza kujaza majina ya tiketi, napiga simu wananiambia hapa kaunta hatutampandisha. Basi nikaenda peke yangu. Mama hakuwahi kumshika huyu mtoto, alikuwa anamuona kwenye vidio tu anamuita mume wangu, mume wangu umekua, na mimi kila mwaka nasema mwakani mama, mwakani nakuletea mumeo. Sasa hata kumzika bibi yake hakuwepo. Hili linaniuma kuliko yote. Naombeni leo hii mfungue hizo droo muangalie tarehe, maana za watoto kwa nchi nyingi zinakaa miaka 5 tu sio 10 kama zetu, inaisha hata hujajua. Halafu ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzio beba barua ya ridhaa iliyosainiwa, kuna mipaka wanaiulizia.

Tiketi ya msiba usikate onlaini harakaharaka kama nilivyofanya mimi. Pigeni simu kwa watu wa ndege, mashirika mengine yana utaratibu wa waliofiwa, unapunguziwa au unaruhusiwa kubadilisha tarehe ya kurudi bila kulipia, ila watataka cheti cha kifo hata kama utakituma baadaye.

Begi langu halikufika. Lilibaki pale tulipobadilisha ndege, mimi nimesimama kwenye ule mkanda mpaka umezimwa, na mle ndani kulikuwa na miwani ya mama ya kusomea. Aliniagiza mwanzo wa mwaka, nikanunua, nikasema nitampelekea mkononi, ikakaa kabatini miezi 7. Nilipokuwa nafungasha usiku ule niliiweka tu, sijui kwa nini, mtu wa kuivaa alishaondoka.

Nilishatoka nje bila kuripoti chochote, nalia tu. Nje nikamkuta kaka yangu. Wengine mnajua sisi tulikuwa hatuongei, miaka miwili, ugomvi wa hela za matibabu ya huyohuyo mama. Saa nane usiku amesimama pale shati amelifunga vifungo vimeruka, upande mmoja mrefu mmoja mfupi. Hakusema mengi, akasema umefika, akanipokea mkoba. Nikamwambia begi halijaja. Akasema rudi ukaandikishe, nakusubiri hapahapa sitoki. Nikarudi kumuomba askari, akaniruhusu kuingia.

Kwa hiyo likikupotea usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla hujajaziwa ripoti ukapewa namba, na kile kikaratasi cha begi usikitupe. Halafu ukishalipata bado una siku 21 za kuandika malalamiko ya kucheleweshewa, na kama limeharibika ni siku 7, hiyo ipo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Risiti za nguo na vitu vya lazima ulivyonunua wakati unasubiri zitunze zote, mimi nimeambatanisha za kwangu nasubiri majibu.

Begi lilikuja siku ya nne, tumeshazika. Kaka ndio alilifuata. Nikaifungua ile miwani nikaishika tu, mama mdogo akaniomba ajaribu. Akaivaa, akachukua simu yake, akaanza kusoma meseji za pole moja moja kwa sauti, polepole, kidole kinafuata mstari. Kumbe muda wote alikuwa anasomewa na wajukuu na hajawahi kumwambia mtu. Tulikaa pale mpaka giza linaingia anasoma tu na hakuna aliyemkatiza.

Jibu:

Pole sana dada yangu, Mungu awatie nguvu na kaka yako. Mimi nilifiwa na baba mwaka juzi naongeza mawili tu. Kabla hujatoka angalia kibali chako cha ukaazi, kama kipo kwenye kuhuishwa uliza kwanza kwa maandishi kama unaruhusiwa kutoka na kurudi, mimi niliondoka kichwakichwa nikakwama nje wiki sita, nusura nipoteze kazi. La pili dada, sauti za mama. Kama mlikuwa mnatumiana kwenye WhatsApp usiziache kwenye simu tu, fungua mazungumzo yake uyatoe pamoja na sauti ujitumie kwa imeili, weka na kwenye kompyuta. Simu yangu iliibiwa na sauti ya baba ikaenda nayo, sina hata moja.

Jibu:

Asante kaka, pole na wewe, nimesoma hiyo ya sauti nikaacha kila kitu nikaenda kuzitoa usiku uleule. Nyingi ni fupi fupi sekunde kumi, umekula, huko baridi imepungua, mbona hupigi. Kuna moja hasemi kitu kabisa, amebonyeza bila kujua, unasikia anafagia na anaimba kwa chini. Hiyo nimeirudia sijui mara ngapi, mwanangu akaja akauliza ni nani huyo anafagia, nikamwambia ni mkeo, akakaa tukasikiliza wote.

Pasi yake tumepeleka maombi leo asubuhi. Na kaka anapiga kila Jumapili, hatuongei mengi, anauliza begi wamelipa, namwambia bado, tunakaa kwenye simu. Jana mama mdogo kanitumia meseji ameandika mwenyewe, herufi kubwa tupu bila nukta: MWANANGU NIMEANDIKA MIMI SIO MTU MWINGINE NIJIBU